Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, na Mpiga Ngoma?



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za wenzetu wa reli, wa mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, wa viwanda vya Jinja na wa mashamba ya chai. Ni haki yao, maana jasho lao ndilo lililokijenga chama. Leo naomba nafasi niseme juu ya mfanyakazi mmoja ambaye tunamwona kila siku, ila hatumwoni kuwa ni mfanyakazi. Sherehe ya Mei Mosi haianzi mpaka yeye awe amefika. Mgeni wa heshima hashuki garini kabla yeye hajaanza kupiga. Lakini hotuba za siku hiyo zinapohesabu wafanyakazi wa nchi, yeye hatajwi. Huyo ni mpiga ngoma.

Mimi ni mpiga ngoma, na kazi hii nimeifanya tangu ujana. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kupiga katika sherehe ya kampuni moja. Tulikuwa watu saba. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi, tukaziota ngoma moto ili ngozi zikaze, tukapiga mpaka saa tisa mchana. Wakati wa malipo karani alifungua daftari ili kiongozi wetu atie sahihi. Nikachungulia. Juu ya ukurasa paliandikwa “Mapambo”. Chini yake: hema, viti, maua, ngoma. Hema lilikuwa na bei yake, viti vilikuwa na idadi yake, hata maua yalikuwa na jina la aliyeyaleta. Mbele ya neno “ngoma” paliandikwa nauli na soda. Majina yetu hayakuwako.

Nilimwuliza, “Bwana karani, kwani sisi ni mapambo?” Akanijibu bila ubaya wowote, “Mzee, niwaandike wapi? Hakuna fungu jingine.”

Jibu lile sijalisahau hata leo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maisha ya kazi ya mpiga ngoma yana sehemu tatu. Kwanza hupiga. Halafu, umri ukisogea, hufundisha. Mwisho, akijaliwa, huingia katika usimamizi wa sanaa: kuongoza kundi, kupanga mashindano, kukaa katika kamati. Katika sehemu zote tatu hana mahali pa kuandikwa. Hoja yangu ni kwamba chama cha wafanyakazi ndicho kinachopaswa kumwandika, tena katika sehemu zote tatu.

NGOMA NI KAZI

Wako watakaosema kwamba ngoma ni furaha na mila, na mtu hadai mshahara kwa kufurahi. Nawaomba watazame bendi ya polisi siku ya gwaride. Humo yupo askari apigaye ngoma. Ana namba, ana sare, ana mshahara wa kila mwezi, na akistaafu ana pensheni. Hakuna anayemwambia kwamba anafurahi tu. Yeye hupiga upande huu wa uwanja, sisi twapiga upande wa pili. Ngozi ni ngozi, vijiti ni vijiti, na jua ni lile lile. Tofauti ni kwamba yeye ameandikwa, na sisi hatukuandikwa.

Kazi hii ina ufundi wake na ina madhara yake. Mtu hujifunza kwa miaka kuchagua mti, kuwamba ngozi, kuongoza wacheza kwa mkono mmoja na kuwasikiliza wenziwe kwa sikio moja. Na mwili hulipa. Wataalamu wa afya kazini huhesabu sauti ya desibeli 85 kwa saa nane za kazi kuwa ndiyo mpaka, na kadiri sauti inavyozidi ndivyo saa za usalama zinavyopungua. Aketiye katikati ya ngoma kubwa huupita mpaka huo kila siku ya kazi. Kiwandani tungedai vizibo vya masikio, na tungekuwa na haki. Nani amepata kudai kwa ajili ya mpiga ngoma?

Mwenzangu mmoja, ndiye aliyenifundisha ngoma kubwa, sasa hasikii mpaka umwite mara mbili, na kifundo cha mkono wake wa kulia hakikunjiki sawasawa. Alipiga kwa zaidi ya miaka 30. Hana hata karatasi moja inayoonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi.

Ama kuhusu mila, mila yenyewe ilikuwa ikilipa. Wapigaji wa Kabaka wa Buganda walikuwa na zamu zao Ikulu, na wako waliopewa ardhi kwa sababu ya kazi hiyo, wakaishi juu yake na jamaa zao, na ufundi wao ukarithiwa katika vijiji vyao. Basi asemaye kwamba kudai malipo ni kuiua mila, huyo mila haijui.

FUNDI WA MENGO

Nataka nimtaje mtu mmoja ambaye maisha yake yanaonyesha sehemu zote tatu nilizosema. Naye ni Evaristo Muyinda, aliyezaliwa mwaka 1914 na kufariki mwaka 1993. Alikuwa fundi wa vyombo vingi, lakini sifa yake kubwa ni amadinda.

Kwa wasioijua, amadinda ni marimba ya vipande 12 vya mbao, vilivyolazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Hupigwa na watu watatu. Wa kwanza hupiga sehemu yake kwa mwendo ulio sawa. Wa pili, akikaa ng'ambo yake, hutia mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu hukaa kwenye vipande viwili vya mwisho, vyenye sauti nyembamba, akazirudia kwa juu zile sauti mbili za chini kila zinapotokea. Wimbo unaousikia haumo katika mikono ya yeyote kati yao. Akiondoka mmoja, wimbo umekwisha. Sisi wa vyama tumesema maneno mengi juu ya umoja, lakini mfano ulio wazi kuliko huo sijauona.

Muyinda alikuwa mpigaji katika Ikulu ya Kabaka, pale Mengo. Baadaye aliajiriwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mkuu wa jumba hilo kuanzia 1948 hadi 1957, hakutaka vyombo vya muziki vifungiwe kabatini kama mifupa. Alitaka vipigwe. Kwa hiyo palikuwa na mahali kwa fundi wa kuvipiga mbele ya wageni na kueleza maana yake. Tazameni vizuri jambo hili: mpigaji aliandikwa kazini, na kazi yenyewe ilikuwa kupiga na kufundisha pamoja.

Mwishoni mwa 1959 alifika Kampala kijana mmoja kutoka Vienna, Gerhard Kubik, akaketi mbele ya amadinda kama mwanafunzi wa Muyinda. Mwaka 1960 Kubik alichapisha maelezo juu ya jinsi muziki wa marimba za Kiganda unavyojengwa, na baadaye akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa muziki wa Afrika. Mwanafunzi alipata jina duniani kote, na haikuwa kwa hila, maana Kubik mwenyewe alimtaja mwalimu wake. Lakini katika vyuo vya dunia elimu hiyo huhesabiwa kwa vitabu, na mikono iliyoitoa hutajwa katika mistari ya chini. Muyinda pia aliongoza kundi lake mwenyewe, akakusanya pamoja vyombo ambavyo zamani kila kimoja kilipigwa peke yake. Hapo alikuwa amefika sehemu ya tatu, ya usimamizi.

Sasa njooni tarehe 24 Mei 1966. Siku hiyo jeshi la serikali lilishambulia Lubiri, yaani Ikulu ya Kabaka. Mutesa II alikimbilia Uingereza, akafa London mwaka 1969, na katiba ya 1967 ikazifuta falme zote za Uganda. Kuhusu siasa ya mambo hayo kila mtu ana maoni yake, wala sitaki kuyafufua hapa. Mimi natazama kwa jicho la chama. Siku ile wapigaji wa Ikulu walipoteza mwajiri bila ilani na bila kiinua mgongo. Vyombo vingi viliharibiwa na watu wakatawanyika.

Katika vyombo vya Ikulu ilikuwako entenga, kundi la ngoma 15. Ngoma 12 kati yake zilipangwa kwa sauti kama marimba, zikapigwa na watu wanne, na zile tatu zilizobaki zikapigwa na watu wawili. Entenga ilikuwa ya Ikulu tu, haikupigwa mahali pengine. Basi Ikulu ilipokufa, entenga ilinyamaza kwa miongo ya miaka. Falme ziliporudishwa mwaka 1993, haikurudi kwa tangazo la serikali. Ni katika miaka ya 2010 tu ambapo ilianza kufufuliwa, na hiyo ni kwa sababu palikuwa bado na kumbukumbu ya wazee. Sauti yake ilikuwa imehifadhiwa na Hugh Tracey, aliyeinasa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lakini santuri huhifadhi sauti, haihifadhi mikono.

Amadinda haikunyamaza hivyo. Ilikuwa imetoka nje ya Ikulu, ilikuwa vijijini, na watu kama Muyinda walikuwa wakiifundisha mahali ambapo palikuwa na mshahara. Sisemi kwamba yeye peke yake aliiokoa. Nasema kwamba chombo chenye mwalimu anayelipwa kilivuka mto, na chombo chenye mwajiri mmoja tu, kisicho na shule, kilizama.

Mfano mwingine uko Busoga. Mwaka 2012 UNESCO iliandika muziki wa bigwala, yaani baragumu za vibuyu, katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Wakati huo mafundi wazee waliokuwa wamebaki walikuwa wanne tu. Wanne! Kiwanda chenye mafundi wanne wazee na wasio na wanagenzi, nani angekiita kiwanda?

KUFUNDISHA

Mashindano ya muziki ya shule yakikaribia, waalimu wakuu hututafuta. Tunafundisha wiki tatu, jioni hata usiku. Shule ikishinda, kikombe huwekwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na picha hupigwa. Mkufunzi wa ngoma huwa amekwisha rudi kwao, na fedha yake mara nyingi huwa bado “inashughulikiwa”.

Mimi nilifundisha katika shule moja kwa miaka mitano. Kila mwaka niliandikwa katika fungu la vibarua, pamoja na wafyeka nyasi. Nilipouliza, niliambiwa sina cheti. Ni kweli, sina. Kijana mmoja niliyemfundisha pale alikwenda chuo kikuu, akasoma muziki, akarudi kufundisha shule ile ile kwa mshahara. Alikuwa akija kwangu jioni kuniuliza midundo ambayo chuoni hakuikuta. Sina wivu naye hata kidogo, yeye ni mwanangu katika kazi. Lakini niulize: ikiwa cheti kinakuja kuuliza kwa asiye na cheti, aliyekosea ni nani?

Mwashi asiyekwenda shule aweza kupimwa kwa kazi ya mikono yake, akapewa cheti cha ufundi. Seremala vivyo hivyo, na fundi wa magari vivyo hivyo. Yafaa mpiga ngoma naye apimwe na mafundi wenzake, apewe karatasi yake, ili shule iweze kumwandika mahali panapomstahili.

OFISINI

Watu hudhani ofisi ya sanaa ni mahali pa kupumzikia waliochoka kupiga. Si hivyo. Huko ndiko mafungu ya fedha yanakoandikwa. Yule karani wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepewa daftari lililochorwa na wengine, ambao hawakupata kushika ngoma hata siku moja.

Tutazame majirani zetu. Rwanda, kwa desturi, mwanamke hakupiga ngoma. Mwaka 2004 Odile Katese, aitwaye Kiki, aliyekuwa katika uongozi wa kituo cha sanaa cha chuo kikuu pale Butare, alianzisha kundi la wanawake wapigaji, Ingoma Nshya. Waliingia wajane, waliingia yatima, waliingia na wanawake ambao waume zao walishtakiwa kwa mauaji ya 1994, wakapiga pamoja. Mwaka 2010 ushirika wa wanawake hao ulifungua duka la aiskrimu katika mji ule ule, ili mkono usitegemee kijiti peke yake. Mlango huo ulifunguliwa na mtu aliyekuwa ofisini.

Burundi nako, ngoma zake za kifalme ziliandikwa na UNESCO mwaka 2014, na dunia nzima ikazishangilia. Mwezi Oktoba 2017 ilitoka amri ya Rais: wanawake wasipige ngoma hizo, makundi yapate kibali cha wizara, na kwa kila onyesho lisilo la serikali zilipwe faranga 500,000. Amri hiyo haikuandikwa kwa vijiti vya ngoma, iliandikwa kwa kalamu. Mwenye kalamu aweza kufungua mlango, na aweza kuufunga.

Hapa kwetu Kampala, Stephen Rwangyezi alianzisha kundi la Ndere mwaka 1984, likafundisha vijana wengi, na baadaye likajenga kituo chake lenyewe. Kundi lenye uwanja wake halingojei soda ya mtu. Hutaja bei yake, na anayetaka hulipa mlangoni.

Ila nionye jambo moja. Mpiga ngoma akipata kiti akawasahau wenziwe, akawaita kwenye sherehe kwa nauli na soda huku mwenyewe akitia sahihi ya hema, huyo naye ni kupe kama kupe wengine. Kumpeleka mtu ofisini pasipo chama cha kumkumbusha ni kubadili bwana tu.

TUFANYE NINI

Kwanza, matawi yetu yawaandikishe wapiga ngoma kama wafanyakazi, na kila onyesho liwe na mkataba mfupi wenye majina, saa za kazi na malipo. Ukurasa mmoja watosha. Tuanze na sherehe zetu wenyewe, maana ni aibu chama kidai kwa waajiri jambo ambalo chenyewe hakilitendi.

Pili, akiba ya uzeeni. Sheria ya mfuko wa NSSF ya 1985 humtaka mwajiri atoe asilimia 10 na mfanyakazi asilimia 5. Zamani waajiri wenye watu chini ya watano hawakuguswa. Marekebisho ya 2022 yaliondoa mpaka huo, na yakaruhusu hata anayejitegemea kuweka akiba kwa hiari. Kwa hiyo kundi dogo la ngoma halina tena kisingizio, na mpigaji wa peke yake naye aweza kuanza. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, vyeti vya ufundi kwa waalimu wa ngoma, kama nilivyokwisha kusema, na malipo ya mafunzo yaandikwe kabla ya mashindano.

Nne, kunaswa sauti na picha. Nyimbo zetu nyingi za asili hazina mtunzi anayejulikana, na watu wengi hudhani kwamba kwa hiyo hakuna mwenye haki. Sivyo. Sheria ya Uganda ya 2006 ya hakimiliki na haki shirikishi inamtambua pia anayepiga, si mtunzi peke yake. Mtu akija na kinasa sauti, kwanza tuafikiane kwa maandishi, ndipo apige picha.

Tano, viti. Kila kamati ya mashindano na kila bodi ya utamaduni iwe na mpigaji aliyechaguliwa na wapigaji wenzake. Hili si jambo la kuombea huruma. Mwaka 1980, huko Belgrade, mkutano mkuu wa UNESCO ulipitisha Pendekezo juu ya Hali ya Msanii, likisema kwamba msanii ana haki za mfanyakazi, na kwamba aweza kuwa na chama chake na kusikilizwa katika mipango ya utamaduni. Maneno hayo yamekaa kwenye karatasi zaidi ya miaka 40. Kazi ya chama ni kuyatoa kwenye karatasi.

Na sisi wapiga ngoma, haki huenda na wajibu. Tufike kwa wakati. Tusilewe kazini. Tusiwakate bei wenzetu kwa kwenda kupiga kwa nusu. Tulipe ada ya chama, hata kama ni kidogo. Na kila fundi awe na angalau mwanafunzi mmoja, msichana au mvulana, wala asimfiche ufundi kwa kuogopa kunyang'anywa kazi.

Katika tawi letu tumekwisha anza kuandika majina. Jina la kwanza ni la yule mzee wangu asiyesikia. Ilibidi nimwite mara mbili, nikamwonyesha daftari. Akauliza, “Umeniandika wapi?” Nikamwonyesha kwa kidole: fungu la wafanyakazi, kazi yake mpiga ngoma. Alilitazama neno lile kwa muda mrefu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ni kweli. Lakini hakuna anayecheza pasipo mpiga ngoma. Mei Mosi ijayo, ndugu zangu makatibu wa matawi, kabla ya kuagiza hema, fungueni daftari mtazame ngoma mmeiandika wapi.

Umoja ni nguvu.

Mpiga ngoma, Kampala